TSH Imekaa Sawa, Mgonjwa Hajakaa Sawa

Karatasi ya maabara inasema TSH, kipimo cha damu cha kazi ya tezi ya thairoidi, ni 2.3, na pembeni imeandikwa kiwango cha kawaida: 0.4 hadi 4.0. Daktari anaisoma, anairudisha mezani, anasema kila kitu kiko sawa. Mgonjwa anatoka na uchovu uleule alioingia nao, ngozi kavu ileile, choo kigumu, kuhisi baridi mchana wa jua kali, na kichwa kinachosahau jina la jirani. Kuanzia hapo anaangukia kwenye kambi mbili. Ya kwanza inamwambia namba haidanganyi, kwa hiyo tatizo ni mawazo. Ya pili, ambayo siku hizi inapatikana zaidi kwenye simu kuliko kliniki, inamwambia namba ni uongo mtupu, kisha inamuuzia chupa ya virutubisho. Zote mbili zinakosea palepale: zinadhani TSH ilikuwa inajibu swali alilouliza mgonjwa.

TSH inajibu swali dogo, na inalijibu vizuri. Kinachohitajika ni kujua swali hilo linaishia wapi, halafu kutafuta jibu la sehemu iliyobaki kwa mpangilio, kuanzia yale yanayotokea mara nyingi na yanayorekebishika kwa gharama ndogo. Wengi wanaoruka hatua na kukimbilia mjadala wa homoni ya T3 wanapoteza miaka.

TSH hutolewa na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kuiamuru tezi ya thairoidi shingoni ifanye kazi. Homoni za thairoidi, yaani T4 na T3, zikipungua, TSH inapanda; zikizidi, inashuka. Ni kipimo chepesi kushtuka: T4 ikipungua kidogo tu, hata ikiwa bado ndani ya mipaka yake, TSH inaweza kupanda mara kadhaa. Ndiyo maana kilipoenea miaka ya 1970 kilibadilisha tiba nzima. Kabla ya hapo dozi zilipangwa kwa kufuata dalili, na maikrogramu 200 hadi 400 kwa siku lilikuwa jambo la kawaida. Kipimo kilionyesha kwamba wengi walikuwa wanazidishiwa dawa, dozi zikashushwa. Anayetaka TSH itupwe jalalani akumbuke tulikotoka.

Mipaka yake inaanzia kwenye kemia ya kidonge. Levothairoksini, kidonge wanachopewa waliopungukiwa homoni ya thairoidi, ni T4 tupu, na T4 ni akiba tu. Kazi kubwa mwilini hufanywa na T3. Kwa mtu mwenye tezi nzima, takriban asilimia 20 ya T3 hutoka moja kwa moja shingoni. Iliyobaki hutengenezwa kwenye ini, figo, misuli na kwingineko na vimeng'enya viitwavyo deiodinasi, ambavyo huing'oa atomu moja ya iodini kwenye T4. Aliyekatwa tezi, au ambaye tezi yake imeteketea, anaikosa ile asilimia 20 na kutegemea vimeng'enya vifidie. Pituitari nayo hujitengenezea T3 yake humohumo ndani. Mwaka 2015 kundi la mtafiti Antonio Bianco nchini Marekani lilionyesha, kwa panya, kwamba T4 ikiwa nyingi, kimeng'enya hiki katika viungo vingine huharibiwa haraka, lakini kile cha eneo la ubongo linaloongoza TSH huendelea na kazi kama kawaida. TSH basi ni mita ya maji iliyo getini: inasoma sawasawa maji yanayopita pale, na haina habari kama bomba la jikoni linatiririka au linadondosha.

Kwa binadamu picha ni tulivu zaidi, ila inaelekea upande huohuo. Wanaotumia T4 pekee na TSH yao ikawa ya kawaida, kwa wastani wana T4 ya juu kidogo na T3 ya chini kidogo kuliko watu wenye tezi zao. Wastani huo hautuambii nani kati yao anaumwa kwa sababu hiyo.

Kuna pia suala la kile kiwango cha pembeni. 0.4 hadi 4.0 ni mipaka ya kundi la watu. Mwaka 2002 watafiti wa Denmark walichapisha vipimo vya wanaume 16 wenye afya, waliopimwa kila mwezi kwa mwaka mzima. Kila mmoja alizunguka ndani ya eneo lake mwenyewe, jembamba kuliko la kundi kwa karibu nusu. Mtu ambaye maisha yake yote TSH yake ilikuwa 1 akifika 3.8, karatasi itasema kawaida ilhali kwake mambo yamebadilika. Lakini tusivuke mpaka: TSH hupanda usiku na kushuka mchana, na tofauti kati ya 1.8 ya Januari na 2.6 ya Machi mara nyingi ni saa ya kuchukuliwa damu tu. Anayetaka kulinganisha vipimo apime maabara ileile, saa ileile, asubuhi.

Sasa tutenganishe watu wawili ambao hukaa kwenye benchi moja la kusubiri na hupewa jibu moja, wakati kesi zao hazifanani.

Wa kwanza hajawahi kugundulika na ugonjwa wa thairoidi. Ana dalili, TSH na T4 huru (ile sehemu ya T4 isiyoshikwa na protini za damu) ni za kawaida, na anataka ajaribiwe kidonge "tuone". Hili limeshajaribiwa. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Uskoti ambamo watu 25 wa aina hii hasa walipewa maikrogramu 100 za levothairoksini kwa wiki 12 na kidonge kisicho na dawa kwa wiki 12 nyingine, bila kujua kipi ni kipi. Walipata nafuu kwa vyote viwili. Mwaka 2017 ukaja utafiti mkubwa zaidi, uitwao TRUST: wazee 737 wa miaka 65 na kuendelea, ambao TSH yao ilikuwa imepanda kidogo huku T4 ikiwa ya kawaida. Mwaka mmoja baadaye uchovu wa waliomeza dawa haukutofautiana na wa wasiomeza. Ikiwa hata TSH iliyopanda kidogo haikuwapa wazee hao nafuu ya dalili ilipotibiwa, kumpa dawa mtu mwenye TSH ya 2 ni kubahatisha, na ubaya wake ni kwamba utafutaji wa ugonjwa halisi unaishia hapo.

Lakini kundi hili la kwanza lina hali moja kubwa isiyofuata kanuni hiyo, na kwa Afrika Mashariki ndiyo inayostahili kupigiwa kelele kuliko mijadala yote ya T3.

Tezi ya thairoidi inaweza kuwa nzima kabisa, ila pituitari inayoiamuru ndiyo imekufa. Hapo T4 inashuka na TSH haipandi, kwa sababu anayepaswa kuipandisha hayupo. TSH itasoma 1.5, au 2.8, au hata juu kidogo ya kawaida, kwa kuwa ile kidogo inayotoka huwa dhaifu, na maabara inahesabu uwepo wake bila kupima nguvu yake. Sababu moja ni uvimbe wa pituitari. Nyingine ni ile aliyoieleza daktari Mwingereza Harold Sheehan mwaka 1937: mama anavuja damu nyingi wakati wa kujifungua, presha inaporomoka, na pituitari, ambayo huwa imekua wakati wa ujauzito, inakosa damu na kufa sehemu au yote. Katika nchi ambazo huduma ya uzazi ni ya haraka ugonjwa huu umekuwa nadra. Kwetu, ambako kuvuja damu baada ya kujifungua bado ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya akina mama, wapo walionusurika ambao wanatembea nao.

Historia yao inajirudia. Alijifungua, alitoka damu nyingi, pengine aliongezewa chupa kadhaa. Maziwa hayakutoka, au yalitoka siku mbili yakakauka. Watu wazima wakampa uji na supu, mtoto akaanzishiwa maziwa ya kopo. Hedhi haikurudi. Nywele za kwapani na za siri zikapungua. Miaka inapita, anakuja na uchovu, baridi, kizunguzungu akisimama, presha ya chini. Anaandikiwa TSH peke yake, inatoka kawaida, anarudishwa nyumbani na vidonge vya kuongeza damu. Wakati mwingine hugundulika baada ya miaka kumi na zaidi, akifikishwa hospitali amezimia kwa sodiamu au sukari ya chini.

Kumtambua hakuhitaji mashine ya ajabu. Unahitaji swali moja (ulinyonyesha?) na T4 huru kwenye karatasi ileile ya TSH. T4 huru ikiwa chini na TSH haijapanda, hatua inayofuata ni kortisoli (homoni ya tezi za juu ya figo) ya saa 2 asubuhi, prolaktini (homoni ya maziwa), homoni za uzazi na sodiamu, kisha picha ya MRI ya pituitari pale inapopatikana. Hapa mpangilio wa tiba ni suala la uhai: mgonjwa huyu mara nyingi amepungukiwa pia kortisoli, na levothairoksini huharakisha mwili kuitumia ile kidogo iliyobaki. Akianzishiwa levothairoksini kabla ya haidrokotisoni (dawa inayofidia kortisoli) anaweza kuporomoka ndani ya siku chache. Haidrokotisoni kwanza, levothairoksini baadaye. Na tangu siku hiyo TSH haina kazi kwake tena. Dozi inafuatiliwa kwa T4 huru, ikilengwa nusu ya juu ya kiwango. Daktari asiyeyajua haya ataiona TSH ya 0.05, atadhani dozi imezidi, ataishusha, na kumrudisha mama wa watu alikotoka.

Tabia ya kuandika TSH peke yake ili kupunguza gharama ina mantiki kwa uchunguzi wa watu wengi kwa pamoja. Kwa mtu mwenye dalili zilizokomaa ni ubahili unaogharimu.

Mtu wa pili kwenye benchi anajulikana: ana ugonjwa wa Hashimoto (kinga ya mwili kuishambulia tezi), au alikatwa tezi kwa ajili ya rovu, au alikunywa iodini ya mionzi. Anameza kidonge, TSH yake iko ndani ya mistari, na bado hajisikii mzima. Mwongozo wa jumuiya ya Ulaya ya magonjwa ya thairoidi wa mwaka 2012 unakadiria wa aina hii kuwa asilimia 5 hadi 10 ya wanaotumia levothairoksini. Ni watu wengi sana, na haiwezekani wote wawe na sababu moja.

Kwake mahali pa kuanzia ni kuhakikisha namba yenyewe. Levothairoksini hukaa mwilini muda mrefu: nusu yake huondoka kwa takriban siku 7, na TSH huchukua wiki 6 hivi kutulia baada ya dozi kubadilika. Aliyepima wiki ya tatu amepima safari, hajapima kituo. Kinyume chake pia hutokea: mtu amekuwa akiruka vidonge, anakumbuka miadi, anameza kwa bidii siku kumi. T4 huru inapanda vizuri, TSH bado inakumbuka uzembe. Siku ya kupima, damu itolewe kwanza na kidonge kimezwe baadaye, kwa sababu saa chache baada ya kumeza T4 huru huwa imepanda kwa muda.

Halafu kuna bayotini, ambayo imekuwa mtego wa aina yake. Mwanamke ana upungufu wa homoni, nywele zinanyonyoka, dukani anauziwa vidonge vya nywele na kucha. Vitamini za kawaida huwa na maikrogramu kama 30 za bayotini; vile vya nywele huwa na 5,000 au 10,000. Mashine nyingi za maabara hutumia bayotini kama gundi ya kunasa homoni wakati wa kupima, na ile iliyojaa kwenye damu huvuruga kazi hiyo: TSH husomeka chini kuliko ilivyo, T4 huru husomeka juu. Mtu ambaye TSH yake halisi ni 7 anaweza kuonekana na 3, na kuambiwa dozi inatosha. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2017. Dawa yake ni kuacha vidonge hivyo angalau siku 2 kabla ya kupima, zaidi kama dozi ni kubwa mno, na kuwaambia maabara. Kwenye fomu zetu za vipimo swali hilo aghalabu halipo, kwa hiyo mgonjwa alitaje mwenyewe.

Namba ikishathibitika, kinakuja kidonge. Levothairoksini hunyonywa kwenye utumbo mwembamba, asilimia 60 hadi 80 tu ya kilichomezwa, na inahitaji tumbo tupu lenye asidi yake. Kimezwe na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kitu kingine chochote. Kahawa ikifuata papo hapo hupunguza kinachoingia. Maziwa vilevile, kwa hiyo chai ya maziwa ya asubuhi inahesabika kama chakula. Soya na vyakula vyenye makapi mengi navyo huchukua sehemu yao. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia zenye aluminiamu vikae mbali kwa saa 4. Omeprazoli, ambayo watu wengi hujinunulia dukani na kuimeza miezi kwa miezi, hupunguza asidi na hivyo kupunguza unyonywaji. Bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, hufanya vilevile hadi atibiwe. Anayeshindwa na asubuhi anaweza kumeza usiku, ikiwa zimepita saa tatu au zaidi tangu chakula cha mwisho. Watafiti wa Uholanzi walilijaribu hilo, wakachapisha mwaka 2010, na usiku haukuwa duni hata kidogo. Kwa anayefunga Ramadhani njia ni hizohizo mbili: kumeza nusu saa au zaidi kabla ya daku, au kulala nacho kama zimeshapita saa tatu tangu futari na hakuna vitafunwa vinavyoendelea. Njia ya pili inahitaji nidhamu kuliko watu wanavyodhani.

Mjamzito anapigwa kutoka pande mbili. Mahitaji yake ya homoni hupanda kwa asilimia 25 hadi 50 tangu wiki za mwanzo, na kliniki ya wajawazito inampa FeFo, yaani chuma, ambayo akiimeza pamoja na levothairoksini hufungana nayo tumboni. Ushauri uliozoeleka ni kuongeza vidonge viwili kwa wiki mara tu mimba inapothibitika, yaani tisa badala ya saba, kisha kupima kila baada ya wiki 4 hivi hadi katikati ya ujauzito. Na anayetibiwa kifua kikuu ajue kwamba rifampisini hulifanya ini livunje homoni haraka. Dozi iliyokuwa inatosha huacha kutosha kwa ile miezi sita, na dawa za TB zikiisha inaweza kuhitaji kushushwa tena. Fenitoini na kabamazepini za kifafa hufanya kazi hiyohiyo.

Joto nalo lina sehemu yake. Levothairoksini haipatani na joto, unyevu wala mwanga. Paketi nyingi zinataka chini ya nyuzi 25, na zipo zinazotaka friji; chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari hakifiki huko chini. Mgonjwa anaweza kupima vizuri, akafungua chupa mpya iliyokaa dirishani mwa duka la dawa, na akaanza kurudi nyuma wiki kadhaa kabla TSH haijaonyesha chochote. Isomwe paketi, vidonge vibaki kwenye pakiti zake za karatasi ya bati, visikae bafuni, jikoni wala kwenye gari, na asinunue akiba ya miezi sita eti imeshuka bei.

Kubadilisha kiwanda nako si jambo dogo. Ufaransa ililijua hili kwa kishindo. Machi 2017 kampuni ya Merck ilibadilisha viambata vya Levothyrox, laktosi ikatolewa, manitoli na asidi ya sitriki zikawekwa, kwa lengo zuri la kukifanya kidonge kidumu na nguvu yake. Watu wapatao milioni 3 walikuwa wanaitumia. Malalamiko yalimiminika: uchovu, kizunguzungu, nywele, usingizi, mengi yakitoka kwa watu ambao TSH yao ilikuwa ndani ya kiwango. Fomula ya zamani ilirudishwa kwa muda mwezi Oktoba. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya Lyon iliamuru kila mmoja wa walalamikaji zaidi ya 3,300 alipwe euro 1,000, kwa kuwa hawakujulishwa ipasavyo kuhusu mabadiliko hayo. Sehemu ya malalamiko huenda ilikuzwa na taharuki, sehemu ilitokana na dozi iliyosogea kwa watu wanaohisi msogeo mdogo. Sisi ambao duka la dawa hutupa kilichopo siku hiyo, cha India leo na cha Ujerumani mwezi ujao, tunafanya badiliko hilo kila mara bila hata kulihesabu. Andika jina la kiwanda nyuma ya kadi ya kliniki. Kikibadilika, pima baada ya wiki 6 hadi 8.

Baada ya hapo ndipo swali ambalo wagonjwa hawalipendi: vipi kama thairoidi imeshatibiwa na kinachokuchosha ni kingine? Hashimoto ni kinga ya mwili kushambulia mwili wenyewe, na magonjwa ya ukoo huo hutembea pamoja. Huja na tumbo linaloshindwa kunyonya vitamini B12, na ganzi miguuni, ulimi kuwasha na usahaulifu wa B12 hufanana na thairoidi kama pacha. Anayetumia metfomini kwa kisukari ana sababu ya pili ya kupungukiwa. Huja na ugonjwa wa siliaki (utumbo kuumizwa na ngano), unaozuia chuma na hata kidonge chenyewe kunyonywa. Dalili yake ni dozi inayopanda bila maelezo. Mara chache huja na ugonjwa wa Addison (tezi za juu ya figo kushindwa kutengeneza kortisoli), ambao ni ileile hadithi ya kortisoli. Chuma kinastahili kutajwa peke yake: hemoglobini inaweza kuwa 12 na akiba ikawa imekwisha, kwa hiyo pima feritini, na chini ya 30 kwa mwanamke anayechoka na kunyonyoka nywele haitoshi kupuuzwa. Feritini nayo hupanda kukiwa na maambukizi, basi isipimwe katikati ya malaria.

Usingizi husahaulika kuliko vyote. Mtu mnene anayekoroma, anayeamka na kichwa kizito na kusinzia kwenye daladala huenda pumzi yake hukatika usiku, na hakuna maikrogramu itakayomtibu. Kukaribia kukoma hedhi, sonona, HIV ambayo haijapimwa, figo: orodha haina raha, lakini ndiko majibu mengi yaliko. Kuhusu uzito, ukweli usemwe mapema: sehemu kubwa ya kilo zinazoondoka baada ya tiba ni maji na chumvi, kilo chache tu. Anayesubiri kidonge kimwondolee kilo 20 atakilaumu bure.

Na kingamwili zenyewe? Kuna dalili kwamba kwa baadhi ya watu zina mchango wake. Mwaka 2019 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya wagonjwa 150 wa Hashimoto wenye homoni za kawaida, uchovu mzito na kingamwili za anti-TPO (zile zinazoilenga tezi) zilizozidi 1,000. Nusu walikatwa tezi yote, nusu waliendelea na vidonge. Miezi 18 baadaye waliokatwa walikuwa na nafuu kubwa. Matokeo hayo yanavutia, ila upasuaji hauna kidonge bandia cha kulinganishia, na baadhi yao walipata madhara ya sauti, kalsiamu au maambukizi. Hospitali ambayo daktari wake wa upasuaji hakati tezi kila wiki isiyachukue kama ruhusa. Vidonge vya seleniamu vinavyouzwa "kushusha kingamwili" navyo viangaliwe kwa historia ya jirani: mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika maeneo ya Kongo yaliyokosa iodini na seleniamu kwa pamoja, watu wenye upungufu mkubwa wa thairoidi walipopewa seleniamu kwanza, T4 yao ilishuka zaidi.

Kishawishi cha mwisho kabla ya T3 ni kuongeza dozi kidogo, "tuishushe TSH ifike 1". Mwaka 2018 utafiti wa Marekani wa watu 138 ulisogeza dozi zao kimyakimya ili TSH ikae sehemu ya chini ya kiwango, sehemu yake ya juu, au juu yake kidogo. Hisia zao, kumbukumbu na nguvu hazikutofautiana. Walichopendelea ni dozi waliyodhani ni kubwa zaidi. Na kuzidisha kuna deni: utafiti wa Framingham uliochapishwa mwaka 1994 uliwafuata watu wa zaidi ya miaka 60 kwa miaka 10, na waliokuwa na TSH ya 0.1 au chini walipata mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio mara tatu zaidi. Mifupa ya mwanamke aliyekoma hedhi nayo huliwa polepole. Isitoshe, dozi iliyozidi huleta uchovu, kukosa usingizi na kunyonyoka nywele, dalili zilezile zinazomfanya mtu aombe iongezwe.

Tukifika kwenye T3 tumebaki na wachache, na hao wanastahili kusikilizwa. Mwaka 1999 utafiti wa Lithuania wa watu 33 uliondoa maikrogramu 50 za T4 na kuweka 12.5 za T3, na wagonjwa wakachangamka. Dunia ilifurahi. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliokusanya majaribio 11 yenye watu zaidi ya 1,200 haukukuta tofauti. Udhaifu ni kwamba majaribio mengi yalichukua mtu yeyote anayemeza T4, wakiwemo waliokuwa wanajisikia vizuri tangu mwanzo. Ukitafuta nafuu kwa wasioumwa hutaiona. Msimamo wa mwongozo wa Ulaya wa 2012 bado una busara: jaribio lifanyike kwa aliyeshapita hatua zote za juu, chini ya bingwa wa homoni, T4 kwa T3 zikiwa kati ya 13 kwa 1 na 20 kwa 1 kwa uzito. Kwa mtu wa maikrogramu 100, hiyo ni kushusha T4 na kuongeza kama 5 za T3, zikigawanywa asubuhi na jioni, kwa sababu T3 hupanda na kushuka ndani ya siku moja.

Vidonge vya tezi kavu ya nguruwe havifuati uwiano huo. Kimoja cha kawaida kina maikrogramu 38 za T4 na 9 za T3, karibu 4 kwa 1. Mjamzito asiguse T3, kwa kuwa ubongo wa mtoto hutegemea T4 ya mama. Mwenye mapigo ya moyo yenye hitilafu vilevile. Na T3 haipatikani kwa urahisi kwenye maduka yetu, jambo linalowasukuma watu kuiagiza mtandaoni, ambako kosa la maikrogramu chache ni moyo unaokimbia usiku kucha.

Jaribio lipewe miezi 3. Kabla ya kidonge cha kwanza ziandikwe dalili tatu zinazomsumbua zaidi, kila moja ikipewa alama kati ya 0 na 10, karatasi ibaki kwenye faili. TSH, T4 huru na T3 huru zipimwe wiki ya 6 hadi 8, damu ikitolewa kabla ya kumeza. Mwisho wa mwezi wa tatu alama zijazwe upya bila kuziangalia za kwanza. Zikiwa zilezile, T3 inaondolewa, T4 inarudi pale ilipokuwa, na faili linafunguliwa tena kwenye ukurasa wa feritini, B12 na usingizi.